Daftari la Mama wa Ghala

Mpaka leo nikipita Buhongwa nageuza uso, maana ghala lile la samaki bado lipo. Mwenyewe, tajiri wetu, ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza, na chumba chake cha baridi kilikuwa kinaangaliwa na mama mmoja mtu mzima kutoka Sengerema. Mimi nilikuwa mtaalamu wao wa kompyuta, na nilikuwa najisikia kweli kweli.

Niliwaandikia programu ya kufuatilia ubaridi. Programu kubwa iliamsha programu ndogo, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita mtoto, na huyo mtoto alisoma kipimajoto kila dakika. Nikaelekeza maneno yake yaingie kwenye faili badala ya kutokea kwenye kioo cha kompyuta. Yote, ndivyo nilivyojigamba.

Jumamosi moja saa nne asubuhi mama akanipigia simu. "Mwanangu, hapa kwenye kioo kuna maandishi ya Kizungu yanakuja tu. Siyaelewi."

Nilikuwa Buzuruga, nakunywa supu. Nikamjibu huku natafuna, "Achana nayo, mama. Ingekuwa shida ingeingia kwenye faili." Nikakata.

Jumatatu sangara wote walikuwa wameoza. Tukaitwa ofisini, mimi na yeye. Nikafungua faili mbele ya tajiri, na kila mstari ulionyesha ubaridi wa kawaida, tangu Ijumaa mpaka asubuhi ile. Mama akatoa daftari la shule. Alikuwa ameyanakili yale maandishi ya kwenye kioo, herufi moja moja, lugha asiyoijua. Akaninyooshea. Sikulipokea.

"Mashine haina sababu ya kudanganya," nikasema.

Akanitazama, akingoja niseme habari ya simu ya Jumamosi. Nilijitia hamnazo. Tajiri akaamua kwamba mama aliacha mlango wazi, akamfukuza kazi siku ile ile. Daftari likabaki mezani.

Wiki iliyofuata nilikuwa namwandikia mteja mwingine kazi kama ile, ndipo nikaona nilichofanya. Mtoto ana midomo miwili: mmoja wa majibu ya kawaida, mwingine wa makosa. Kila mmoja unauelekeza peke yake. Mimi nilikuwa nimeelekeza wa kwanza tu. Mashine ya baridi ilipokufa pamoja na kipimajoto chake, mtoto alilalamika kwenye kioo, alipokaa mama, na kwenye faili akawa anarudia kipimo cha mwisho. Nikaenda ghalani kulichukua daftari. Ujumbe wa kosa ulikuwemo wote, bila herufi kupungua, na pembeni ameandika saa. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mama yule alikuwa amefanya kwa kalamu kazi niliyolipwa mimi kuifanya.

Nikapanda kivuko kwenda Sengerema. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alimenya mihogo miwili mizima kabla hajasema neno.

"Tajiri umemwambia?"

"Bado."

"Basi hiyo shikamoo yako ikae kwanza."

Jamani, nilitamani kurudi kivukoni. Nilikuwa nimekuja kuombea msamaha mahali ambapo hakuna mwingine wa kunisikia, na yeye alikuwa ameshanijua. Nikatoa simu, nikaweka sauti ya nje, nikampigia tajiri. Nikamwambia kosa ni langu. Nikamwambia na ile simu ya Jumamosi, kwamba mama alinitaarifu mapema nikampuuza, kisha nikanyamaza mbele yake ofisini.

"Nimekusikia," tajiri akasema. "Lakini kazi yake nimeshampa mtu mwingine. Siwezi kumtoa." Akakata.

Nikamwekea mama daftari lake kwenye kigoda. Alilitazama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Marahaba," akasema, akachukua muhogo mwingine.