Mpiga Tarumbeta Avua Meno

Kwa miaka saba mpiga tarumbeta alilala na meno yake ya bandia kinywani. Aliamini kwamba midomo huzoea meno yaliyo nyuma yake, na ukiyavua usiku, asubuhi midomo imesahau kazi. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alijitungia mwenyewe, akaamini.

Jumamosi binti yake wa mwisho angeolewa, na sauti ya kwanza ukumbini ingekuwa ya tarumbeta la baba. Jumatatu, mazoezini, meno ya juu yakateleza katikati ya noti, tarumbeta likalia kama mbuzi aliyekabwa. Bendi nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kaakaa lilikuwa linawaka moto.

Daktari wa meno, mama mfupi mwenye miwani, alimshikia kioo. Wekundu ulifuata ukingo wa meno ya bandia kama uliochorwa kwa kalamu.

"Ngozi ya hapo hujaipumzisha hata usiku mmoja, mzee wangu. Ukungu umeota. Na ufizi umesinyaa, maana mfupa chini yake hupungua mwaka hadi mwaka. Meno ni yaleyale, kinywa ndicho kilichobadilika. Ndiyo maana yanacheza."

"Basi nipe dawa."

"Nitakupa ya kupaka. Lakini meno yakae nje mpaka Ijumaa, ndipo niyatie kitako kipya kwa ndani, yashike ufizi."

"Ijumaa? Unaniua, mwanangu."

"Ukiyarudisha kabla, Jumamosi utapiga makofi tu."

Nyumbani mkewe alimwekea uji mezani. "Karibu, kijana. Leo hata kubishana huwezi."

Binti hakutania. "Baba, nitafute mpigaji mwingine?"

Baba alitikisa kichwa. Siku nne bila kupuliza. Hakuwahi tangu ujana. Vidole vyake vilibonyeza ukingo wa meza wimbo mzima, mara ya kumi, ya ishirini, mpaka mkewe akahamisha vikombe.

Ijumaa kaakaa lilikuwa limepoa, na meno yakashika barabara. Hakuthubutu kujaribu tarumbeta. Kama midomo imesahau, afadhali ajue hukohuko ukumbini.

Jumamosi, milango ya ukumbi ikafunguliwa. Akavuta pumzi. Noti ilitoka nyembamba, ikayumba, kisha ikanyooka, ikapanda, ikajaza ukumbi mpaka darini. Kila usiku kwa miaka saba alilala na meno, bure kabisa. Angecheka, lakini mdomo ulikuwa na kazi.

Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja mbele, akisubiri noti iishe aanze kutembea. Baba yake hakuwa na haraka hata kidogo.