Flashi ya Kwaya Sikuifomati

Kwanza niseme jambo hili ili lisinisumbue tena: sikurudi kwa sababu Dar es Salaam ilinishinda. Nilirudi kwa sababu nilitaka. Diploma yangu ya kompyuta nimeitundika ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, juu ya mashine ya fotokopi, mahali ambapo mtu anayesubiri karatasi zake hana pengine pa kuangalia. Niliisomea jioni. Mchana nilikuwa nauza vocha na kuchapa barua za watu kwenye kibanda kisichokuwa changu. Hakuna ndugu aliyenishika mkono. Nikijisifu, najisifia jasho langu.

Nilipofungua duka langu la steshenari Makambako, karibu na stendi, nyumbani Mjimwema, Njombe, walikuwa na maneno yao. Aliyesema zaidi ni baba yangu mdogo, mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Alisema kwenye kikao cha ukoo, nikiwa nimekaa hapo hapo, kwamba ningesomea ualimu ningekuwa mtu. Kompyuta siku hizi kila mtoto anayo ndani ya simu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na sikusahau.

Ndiyo maana nilishangaa Ijumaa moja asubuhi, msimu wa mvua, kumwona akishuka kwenye basi la Njombe na koti lake refu na kofia ya sufu, mkono mmoja mfukoni kana kwamba ameshika kifaranga.

"Kamwene, mama," alisema mlangoni. Kwetu binti huitwa mama, lakini yeye hakuwa ameniita hivyo tangu nirudi.

"Kamwene, baba mdogo. Leo umepotea?"

"Sijapotea. Una nafasi?"

"Ninayo. Kaa hapo, chini ya diploma."

Alikaa. Akatoa leso, akaifungua, na ndani yake kulikuwa na flashi ndogo nyeusi yenye utepe wa kuvaa shingoni. Humo ulikuwamo muziki wa nyimbo tano za kwaya, vyombo vitupu bila sauti za watu. Kwaya nyingi siku hizi huchomeka flashi kwenye spika na kuimba juu yake. Mpiga kinanda aliyeurekodi alikuwa amehamia Songea na kompyuta yake ilikufa zamani. Nakala nyingine haikuwepo, na sasa flashi ilikuwa haifunguki hata kwa fundi wa Njombe. Na Jumapili hiyo, yaani keshokutwa, kwaya ilikuwa inakwenda kuimba Kidugala mbele ya kwaya za sharika nyingine. Sare mpya zilikuwa zimeshashonwa.

"Fundi wa kule mjini amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema ifomatiwe tu."

"Ukakataa?"

"Ningekubali ningekuja huku?"

Kwa mara ya kwanza nikamheshimu kidogo. Wengi hukubali. Fundi asiyejua kitu akibanwa husema fomati, na mteja hafahamu kwamba kufomati kunaiokoa flashi na kuziua nyimbo, sawa na kuwatoa watu wote ndani ya nyumba halafu ukasema nyumba imepona.

"Imeingia nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Maji, mama! Mvua. Umekaa Dar mpaka umesahau mvua ya Njombe?"

Nikaiangalia, ilionekana kavu. Nikaichomeka kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, maana ya mbele huwa yamelegea kwa kazi. Mashine ikaguna, ikaandika kwamba kifaa hiki haikitambui. Nikajaribu kwenye laptopu yangu. Jibu lile lile. Nilipoichomoa mara hiyo ya pili nikahisi vidole vinanata. Nikaipeleka puani.

Mimi nililelewa na bibi aliyegema pombe kwenye mianzi ya nyuma ya nyumba. Harufu ile siwezi kuikosea.

"Baba mdogo, haya siyo maji."

"Ni maji."

Alijibu huku akimtupia jicho jirani yangu, mzee wa Kiislamu anayeuza vipuri vya malori, aliyekuwa amesimama pale akisubiri fotokopi ya leseni. Nikaelewa. Nikamwomba mzee anisaidie chupa moja ya maji ya betri kutoka dukani kwake. Alipotoka tu, nikainama.

"Sikiliza. Maji yakikauka yamekwisha. Ulanzi una sukari. Ukikauka unabaki kama gundi juu ya vyuma, na umeme unapita pasipo njia. Nimeshaichomeka mara mbili kwa kukuamini. Ya tatu ingeweza kuiunguza. Sema."

Alivua kofia. Alikunja kofia. Alikunjua kofia.

"Juzi, baada ya mazoezi. Nilipita kwa rafiki. Kidogo tu."

"Na flashi?"

"Shingoni."

"Uliinamia ulanzi na nyimbo za kanisa shingoni?"

"Niliinama kumimina! Utepe ni mrefu. Ikaingia ndani ya jagi." Akashusha sauti. "Usharikani wakijua, nasimamishwa kufundisha. Miaka yote ile, mama."

Fundi wa Njombe naye aliambiwa maji. Hivyo kwa kuogopa wazee wa kanisa, mtu huyu alikuwa tayari kumdanganya kila mtu ambaye angeweza kumsaidia. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilichukua bisibisi ndogo.

Jirani alirudi. "Maji ya betri haya hapa. Mnaongeza betri ya nini?"

"Ya kwaya," nikasema.

"Kwaya zenu zina betri?"

"Leo inayo, mzee. Asante."

Nilifungua kava, nikatoa kibao cha ndani, nikakisuuza kwa maji ya betri kwa sababu hayana chumvi kama ya bomba. Nikapitisha mswaki mpya, laini, uliochovywa kwenye spiriti, taratibu, upande huu na huu. Baba mdogo akashauri tukiweke karibu na jiko la mkaa kikauke haraka, kama wanavyokausha kila kitu nyumbani.

"Hii siyo soksi," nikamwambia.

Nikakilaza juu ya karatasi safi mbele ya feni. Alisubiri mpaka saa tisa alasiri. Nilimwambia akale, hakwenda. Wateja waliingia na kutoka. Yeye alikaa akiisoma diploma yangu, na sikumzuia.

Saa tisa nikachomeka. Taa ikawaka. Kompyuta ikaandika kwamba ili flashi itumike, ni lazima kwanza ifomatiwe.

"Bonyeza!" akasema, amesimama. "Imesema yenyewe!"

"Iache iseme. Siitii."

Nikabonyeza kukataa. Kisha nikanakili flashi nzima kama ilivyo, mzima na mgonjwa pamoja, nikaichomoa na kuiweka pembeni. Nyimbo nikazitafuta ndani ya nakala, kwa programu ya kuokoa mafaili. Huo ndio ufundi: ukikosea, umekosea kwenye nakala. Ukatoka wimbo wa kwanza. Wa pili, wa tatu na wa nne nazo zikatoka nzima. Kinanda kilipolia dukani, baba mdogo alianza kuongoza kwaya isiyokuwepo kwa kidole kimoja.

Wa tano ulikatika katikati ya ubeti wa pili. Nilijaribu kwa njia tatu. Haukuwepo zaidi ya pale.

"Huo ndio wa kufungia," akasema. "Tutaaibika."

"Kabla ya flashi mlikuwa mnaimbaje?"

Akagusa midomo yake.

"Basi mtaanza na vyombo, mtamaliza kwa midomo yenu. Huo wa tano nakutumia kwenye simu; kesho fanyeni mazoezi wajue unakatikia wapi."

Jumapili nilikwenda Kidugala, nikiwa na flashi mpya niliyozinakilia nyimbo zote. Sikumpa baba mdogo. Nilimkabidhi katibu wa kwaya, mama mmoja mtulivu asiyepoteza hata kalamu. Nyimbo nne zilikwenda vizuri. Kwenye wa tano muziki ukakatika pale pale niliposema, na kwaya ikaendelea. Soprano walitetereka mstari mmoja, besi wakawashika, na wakafika mwisho wote. Watu walisimama kupiga makofi. Na mimi nilisimama, kwani nilikuwa na haki kuliko wao.

Nje, baba mdogo alinijia kwaya nzima ikimfuata.

"Mama, niletee flashi nikaitunze."

"Iko kwa katibu. Itakaa kwa katibu. Nakala nyingine iko kwenye kompyuta yangu."

"Na ile yangu?"

"Iko kwenye droo yangu Makambako, na haitoki."

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ndogo. Wanakwaya wakamtazama, wakingoja amkemee mtoto wa kaka yake. Akavuta kofia yake ya sufu mpaka masikioni.

"Sawa, mama," akasema.