Mjane wa Marekani na Mavyaa Wangu

Mapema miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nyaramba, nikijisomea mtihani wa fasihi ya Kiingereza. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni nilifungua redio kumsikiliza mhadhiri mmoja wa chuo kikuu akichambua riwaya za zamani za Marekani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, hakujua Kiingereza. Akitoka kuuza majani yake kituo cha chai aliketi kuchambua mboga, akinitazama nikiandika. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Huyo bwana anasema nini hata unatikisa kichwa?"

Nikamweleza kwa Ekegusii kwamba kuna mjane anayekataa kuwauzia watu wa reli shamba lake. Akaweka mboga chini. "Asiuze!"

Jumatano iliyofuata alikuja na majirani wawili. Mhadhiri akasema ua wa mjane si ua, ni mpaka wa nafsi. Nikatafsiri vivyo hivyo.

"Kama si ua," akauliza mavyaa, "ng'ombe wake wanazuiwa na nini?"

Theluji ndiyo iliyonitoa jasho. Neno sikulipata, nikasema mvua ya mawe. Waliposikia imeanguka miezi mitatu mfululizo, jirani mmoja akashika mdomo. "Na majani chai yake, maskini?"

Siku ya kipindi cha mwisho cha riwaya hiyo betri zikafa katikati ya sentensi. Wanawake watatu wakanikazia macho. Nifanye nini? Nikawaambia mjane ameshinda, reli imepindishwa, na juu ya hayo amepewa ng'ombe wa maziwa. Walipiga makofi, wakamshukuru Mungu kwa maombi marefu.

Mume wangu, karani mjini Kisii, ambaye tulimwona mara moja kwa mwezi akijitahidi, alikuja wikendi hiyo. Kipindi alikuwa amekisikia chote.

"Mjane gani ameshinda? Alikufa kwa baridi, peke yake."

Mavyaa akanigeukia. "Mwalimu, umenidanganya?"

"Mama, betri zilikwisha."

"Kwa hiyo ni betri zilizompa ng'ombe?"

Akaniamuru nilete karatasi, nimwandikie mhadhiri. "Muulize hivi: huyo mama alikuwa na wana wawili mjini. Walikuwa wapi?" Maneno ya mwisho aliyasema polepole, akimtazama mume wangu, ambaye ghafla alianza kushughulika na kamba za viatu.

Baada ya majuma kadhaa mhadhiri aliisoma barua yetu hewani. Akakohoa. Akasema amefundisha kitabu hicho miaka mingi bila kujiuliza swali hilo na, kusema kweli, hajui.

"Msomi mzima!" mavyaa akasema, uso umemng'aa. "Mwandikie tena, umwambie nimemsamehe."

Mume wangu akaanza kuja kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, na mkate kwapani.