Mnara Wenye Saa Pande Tatu

Asubuhi ya mwisho kabla homa haijamlaza Mahfoudha, mke wangu, alipika kahawa kama kawaida. Tangu tuhamie Maskati kutoka Unguja alimfulia mke wa daktari, Mskochi, naye akamsimulia mji wao mdogo mpaka Mahfoudha akawa kama mzaliwa wa huko: daraja la mawe, ngome isiyo na paa, mnara wenye saa pande tatu. Wa nne hauna. Wenye mnara waligombana na majirani wa upande ule, wakawanyima saa.

Mimi sikuwa nikisemezana na jirani yetu Aflah. Mbuzi wake alitafuna kilemba changu kilichoanikwa kambani. Kilemba kile nnacho bado, na matundu yake.

"Leo Aflah hapati kahawa," nikasema.

Mahfoudha akanyanyua dele la kahawa, akatoka, akanijibu mlangoni: "Baba Sayyida, mnara wangu mimi una saa pande zote nne. Wewe kaa na kilemba chako."