Subaru ya Samaki

Mama Nkandu anauza samaki hapa mtaani Bel-Air. Alipojinunulia Subaru ya turbo, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, mimi fundi wake nilifurahi kama ni yangu. Nikapanga kuishusha karibu na lami, maana ndivyo tunavyofanya kwa kila gari ya mbio Lubumbashi.

« Fundi, uko na akili? » akaniuliza. « Pandisha! Na bile biti bya nyuma, toa. Niko naenda nayo Kilwa ku ziwa, kutafuta samaki, hapana ku ndoa. »

Iliniuma. Nikaweka resori ndefu, zile springi za kuinua gari, na pale pa viti vya nyuma nikafunga sanduku la barafu. Gari ikasimama kama mbuzi juu ya jiwe. Nilicheka mbele ya watu.

Kisha mvua ikanyesha juma zima, malori ya samaki yakazama njiani, na sokoni hapakuwa na samaki hata mmoja. Jumamosi mchana tukaisikia turbo ikipiga mluzi. Mama akashuka, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akafungua sanduku: barafu bado ngumu, samaki wanang'aa.

« Fundi, zile unashushaka, zinafikaka wapi? »

Nilivua kofia. Zinafikaka kwenye baa ya kona.