Mtu Niliyemtunga kwa Kete Sita

Sipendi kuulizwa habari za utoto wangu. Watu wa rika langu wakikaa pamoja hukumbushana michezo yao na kuchekeana, mara rede, mara tiara, kisha hunigeukia: "Na nyinyi mkicheza nini?" Tukicheza watu. Basi. Nikianza kuueleza mchezo huo itanibidi nimtaje kaka yangu.

Tulikuwa wasichana watatu wa darasa moja: mimi, binamu yangu aliyekaa ghorofa ya juu, na mwenzetu wa nyumba ya pili. Mchezo tuliutunga wenyewe, miaka ile ya foleni za mchele wa serikali, na kutoroka kisiwani kulikuwa kifungo. Kila mmoja alitunga mtu wake. Unarusha kete sita, makombe madogo ya baharini, mkekani, na zilizolala chali ndizo nguvu zake. Unarusha tena, ujanja. Mara ya tatu, bahati. Halafu unampa kazi, alama mwilini, adui na safari. Binamu ndiye aliyekuwa msimulizi: "Umefika pangoni, zimwi limelala mlangoni, wafanyaje?" Unajibu, unarusha kete, naye anaamua kama umepita au umeliwa.

Binamu alikuwa mkali. Mtu wa kuokoteza hamtaki. "Huyu hana damu," akisema. "Hata akiliwa, nani atamlilia?" Mabinti wafalme wangu wawili aliwakataa hivyo hivyo. Nikapandwa na hasira, nikasema leo ntamletea mtu ambaye akiliwa, binamu mwenyewe atamlilia. Nikamchukua kaka yangu.

Kaka alikuwa seremala bandarini. Baba alishafariki, na yeye ndiye aliyekuwa akitulisha. Nikamwandika mzima mzima: kovu la kidevuni, kazi yake, na mjomba wetu wa Bwejuu mwenye ngalawa. Nguvu kete tano, ujanja nne, bahati moja. Nikalilia nirushe tena, binamu akakataa. Adui yake: zimwi lililokalia ghala la mchele, likiwapimia watu kwa kikombe. Safari yake: kutoroka kwa ngalawa ya mjomba mpaka nchi ambako watu hula wakashiba. Wallahi niliona nimeandika kitu cha maana.

Karatasi zilikuwa adimu. Tulipewa daftari moja moja, na ole wako ulimalize kabla ya muhula kwisha. Kwa hiyo watu wetu tuliwaandika nyuma ya daftari la hesabu, tumeligeuza juu chini. Mwalimu akasahihisha hesabu zangu, akaona wino nyuma, akageuza. Hakunipiga, hata hakuniita. Laiti angenipiga.

Siku ya pili, saa nane mchana, watu watatu wa kamati ya chama mtaani walikuja nyumbani na daftari langu. Mmoja alisoma habari ya kovu huku akimtazama kaka kidevuni. Mama akaapa kwamba ule ni mchezo wa watoto. "Mchezo una jina la kijiji?" akaulizwa. Na Bwejuu inatazama bahari kuu! Mtu anayetorokea Mombasa, walikokimbilia wengi, ataanzia huko kwa akili gani? Mimi sikulijua hilo, nilikuwa mtoto wa mjini. Wao walilijua, na halikuwashughulisha. Nikapiga kelele kwamba ni hadithi, waniulize mimi, kete hizi hapa. Mkubwa wao akainama, akaniuliza kwa upole, "Na hilo zimwi ni nani?"

Nikazitazama kete mkononi. Ningesema zimwi ni zimwi tu, labda wangecheka wakaondoka. Lakini nilijua nilichokiandika, na wao wakaona usoni mwangu kwamba ninajua.

Kaka alikaa ndani miezi minne. Mjomba alinyang'anywa ngalawa. Kaka aliporudi alikuwa amekonda, meno mawili hana. Nikamwekea chai. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Hakunigombeza hata siku moja. Ila akizungumza na mama, wakisikia nnapanda ngazi, wananyamaza. Nikampigia magoti kumwomba radhi. "Nshakusamehe, mdogo wangu," akasema, na jioni ile ile akahamishia sanduku lake la zana kwa rafiki yake.

Baada ya miaka miwili akaondoka kweli. Nilirudi kutoka skuli nikamkuta mama anakunja mashuka ya kitanda chake.

"Kaenda wapi?"

"Kaenda."

Mama alikuwa akijua tangu Ijumaa. Binamu alijua. Hata mwenzetu wa nyumba ya pili alishapewa mkono wa kwaheri. Nikalia kwa uchungu, nikapiga mguu chini kama mtoto: vipi kaka awaage watu baki, aniache mimi wa tumbo moja?

Mama hakunitazama. Aliendelea kukunja.

"Alitaka kukuaga," akasema. "Mimi ndiye nlomkataza."