Hita ya Baba

Juzi mkwe wangu alikuwa akivuta trela la viti vya harusi. Tulipoupanda mlima wa Kibuli, mshale wa joto la injini ukaanza kupanda nao. Nikamwambia awashe hita. Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa.

Jambo hilo nililijua kwa baba, mchana mmoja enzi za wanajeshi, tukihamisha vitanda vya shangazi kutoka Luzira. Pikapu ilinguruma kwa gia ya pili, ikinuka mpira na mafuta. Baba akawasha hita ili joto la injini lije kwetu, na jua lilivyowaka. Nilidhani ananiadhibu kwa kulalamika njaa.

Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi akaingiza kichwa dirishani. "Wewe, sababu gani unatoka jasho hivi? Iko nini huko nyuma?"

"Vitanda tu, afande. Jasho ni ya hita. Injini inachemka."

Mwanajeshi akaweka kiganja penye hewa ya hita, akakitoa haraka, akacheka. "Pita."

Mteremkoni mshale ulishuka, baba akazima hita. Upepo ukaingia, gauni langu likakauka. Shati lake lilizidi kulowa mpaka nyumbani, nami kwa akili ya kitoto nikaamini kwamba watu wazima hupoa polepole kuliko injini.